Shingo za Waholanzi

Nilikata shingo ukoo mzima kwa biki nyekundu ya mwalimu wa hesabu, na nilitumia rula ili mistari inyooke. Nilianza na mzee aliyelegea kitini, nikaja kwa vijana waliosimama mbele yake, nikamalizia na kizee mmoja aliyeshika taa. Hata mbwa sikumsamehe. Kazi yote haikuzidi muda wa chai kuchemka, na nilipomaliza nilifunga kizibo cha biki, nikarudi nyuma kidogo kuangalia, nikajiona nimefanya jambo la maana katika dini.

Niseme mapema kwamba watu wenyewe walikuwa wa karatasi. Ilikuwa nakala ya mchoro wa zamani wa Kiholanzi, imechapwa na kugandishwa juu ya kadibodi, imetundikwa kwa misumari midogo chumbani kwa jirani yangu, kijana wa rika langu tuliyekuwa tukisoma naye darasa moja hapa Konde. Picha ilikuwa yake. Biki ilikuwa ya baba yake. Rula ilikuwa yangu, na huo ndio uliokuwa mchango wangu.

Mtu asiyesoma chuo cha Kurani kwetu anaweza kudhani nilipandwa na wazimu, kwa hiyo wacha nieleze. Tangu tuko wadogo, mwalimu wetu wa chuo alitufundisha kwamba mwenye kuchora kiumbe chenye roho ataambiwa Siku ya Kiyama akipulizie pumzi, na hataweza. Sasa skuli nako mwalimu wa bayolojia anataka chura. Huwezi kumpelekea habari za Kiyama; yeye anataka chura mwenye miguu minne, na kila kiungo kimeandikwa jina lake pembeni. Basi watoto tukawa na njia yetu ya katikati, sijui nani aliianzisha, ila ukifungua daftari zetu utaikuta: unamchora chura wako vizuri, unampiga mstari shingoni, mambo yamekwisha. Kilichokatwa shingo hakina roho, na kisicho na roho hakidai pumzi. Kwamba chura hana shingo, hilo ni la mwalimu wa bayolojia. Daftari zetu zilikuwa machinjio. Panzi, panya, samaki, ng'ombe aliyeoneshwa matumbo yake manne, wote walipita kwenye kisu.

Kwa hiyo nilipoikata ile picha nilikuwa na hoja, na hoja ilikuwa nzuri sana. Kasoro yake ni moja tu, kwamba haikuwa ndiyo sababu.

Sababu ilikuwa sahani.

Kwetu kuna sahani ya bati, nyeupe, ukingo wake wa buluu, na katikati kasimama jogoo mwekundu, kidari mbele, kama anayesubiri kupigiwa saluti. Tangu nilipoacha kulishwa kwa mkono, sahani hiyo ni yangu. Dada zangu, kabla mmoja hajaolewa Wawi na mwengine Gando, hawakuigusa. Wageni hutolewa za udongo kabatini. Mama alikuwa akiniona nimezubaa katika chakula huuliza, "Vipi, jogoo kawika?" Maana yake, umemaliza mpaka kaonekana? Nami nikimaliza husema, "Kawika." Hakuna mtu mwengine duniani aliyekuwa akiulizwa swali hilo. Nilikuwa na ndevu tatu za kidevuni na bado naulizwa habari za jogoo, na mbele ya wenzangu ningekataa katakata kwamba napenda.

Halafu ndio wakaja jirani.

Baba mtu alikuwa mwalimu wa hesabu, Mkristo kutoka Bara, mrefu, sauti yake ya chini kiasi kwamba darasa zima tulikuwa kimya si kwa adabu bali kwa kutega masikio. Mama mtu alikuwa muuguzi. Yeye alibaki huko kwao Bara akingoja uhamisho, na uhamisho huo ulikuwa njiani kila mwezi na haufiki. Basi wakakaa wanaume wawili, baba na mwana, katika nyumba ya jirani ambayo sisi na wao tunagawana ua wa makuti. Mama alistahamili siku chache tu.

"Wanapika nini wale?" aliuliza.

"Chakula," nikamwambia.

"Nimesikia harufu yake. Si chakula. Wapelekee bakuli hili."

Nikapeleka. Na nawaambia, laiti bakuli lile ningelijikwaa nalo uani.

Maana kilichoanza na bakuli kikawa kijana mwenyewe. Kwanza alikuja kurudisha bakuli, limeoshwa, limefutwa, ndani katia ndizi. Kisha akaja kusema ahsante ya ndizi zetu za kujibu ndizi zake. Kisha ikawa anakuja tu. Ulikuwa msimu wa karafuu, na mama alikuwa na jamvi lake uani anachambua. Mie ukinionesha jamvi la karafuu miguu yangu yenyewe hukumbuka mpira. Yeye alivua viatu, akakaa kitako, akaanza kutenga karafuu huku na makonyo, vile vijiti vyake, huku, na anauliza maswali.

"Mama, haya makonyo nayo yana kazi?"

Mama akamweleza habari za makonyo mpaka jua likahama ukuta. Mie hajapata kunieleza habari za makonyo hata siku moja. Sikuwahi kumuuliza, lakini hilo si hoja.

Alimwita Mama, hivyo hivyo kavu, kama kamzaa yeye. Akajifunza na maneno yetu. Badala ya kusema wewe akasema weye, badala ya mimi akasema miye, na anayasema vibaya, kayavuta kama mpira wa ndani ya baiskeli, na mama anacheka mpaka anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi nilipoigiza lafudhi yao ya Bara, na naigiza vizuri, darasa zima mashahidi, mama akaniangalia tu.

"Unamcheka mgeni?"

"Na yeye anatuiga sisi."

"Yeye anajifunza. Weye unacheza."

Ikafika hadi simu. Mama yake kijana alikuwa akipiga jioni kumwuliza mwanawe hali, na mwanawe akaanza kumpa mama yangu simu. Wanawake wawili wasiojuana hata sura wakawa wanazungumza kama waliooleana watoto. Nilimsikia mama akisema, "Usiwe na wasiwasi, dada, mtoto yupo kwangu." Mtoto. Ana miguu inayovaa viatu vya baba yake.

Na kila siku mimi nikawa mfano wa kinyume. Nikichelewa kurudi, "Mwangalie mwenzio." Nikisahau ndoo kisimani, "Mwangalie mwenzio." Siku moja nikamwambia mama nishachoka kumwangalia mwenzangu, shingo inaniuma.

"Mwenzio akiitwa huitika," akasema.

"Na mie huitika."

"Huitika ushafika mpirani."

Sasa sahani. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Nimetoka msikitini nina njaa yangu halali, nimepita njia nzima nawaza mchuzi wa changu, maana dada wa Gando alituma samaki asubuhi. Nafika, nakuta kijana kakaa mkekani, mahali pangu, mgongo kauegemeza ukuta wangu, na mbele yake yuko jogoo wangu kafukiwa wali mpaka mkiani. Mie nimetengewa sahani ya plastiki ya kijani. Ile tunayotilia maganda ya muhogo.

"Mama, sahani yangu."

"Wali ni ule ule."

"Sikuuliza wali."

"Basi kaa ule. Mgeni hanyang'anywi sahani."

"Mgeni wa kila siku?"

Mama akaniangalia jicho ambalo kama lingekuwa na mpini lingekuwa mwiko. Kijana akataka kuinuka, akanisogezea sahani, "Chukua, kaka, sikujua ni yako," na mama akambonyeza bega akakaa. Nikala. Nilikuwa nakula kwa hasira, na mtu akila kwa hasira anamaliza mwanzo. Nikabaki namtazama mwenzangu anachambua miba taratibu, anasafisha pembeni, anakuja kati, mpaka mkia ukaonekana, kidari kikaonekana, na upanga mwekundu wa kichwani.

"Vipi," mama akamwuliza, "jogoo kawika?"

"Kawika, Mama."

Alishamfundisha. Sijui lini. Labda kwenye makonyo.

Wivu una namna nyingi. Kuna ule wa kutamani kitu cha mtu, huo mwepesi, unapita. Huu ulikuwa wa kumkuta mtu kakaa ndani ya kitu chako na kimemkaa vizuri kuliko wewe. Nilitoka mle ndani sina pa kuupeleka. Na kwa kuwa Mungu naye ana mambo yake, alasiri ile ile kijana akaja kuniita, "Njoo kwetu tufanye zile hesabu za Jumatatu." Yaani kanilia sahani na bado ananifundisha hesabu.

Nikaenda na rula yangu.

Nilikuwa sijapata kuingia chumbani kwake. Kitanda kimetandikwa, daftari zimepangwa, na ukutani ndiyo ile picha. Sikuwa nimeona kitu kama kile. Kwetu ukutani kuna kalenda ya duka la bati. Hii ilikuwa na giza, giza la rangi ya molasi, na ndani ya giza watu wametokeza nyuso na mikono kama waliopigwa kurunzi. Mzee wa ndevu nyeupe amelegea kitini, mikono juu. Mbele yake vijana, wamevaa mavitambaa ya thamani, wameshika nguo moja kubwa baina yao, wanamwonesha. Kizee na taa. Mbwa ananusa pindo la nguo. Chini kuna maandishi ambayo si Kiingereza, herufi zimerundikana kama zinagombea gari.

"Hiyo ni ya mama," akanambia. "Alipewa na sista mmoja wa Kiholanzi hospitali kwao. Ilikuwa imetundikwa sebuleni tangu sijazaliwa. Tulipokuja huku akaitoa ukutani akanipa. Kioo kilivunjika bandarini Wete, ikabidi tuifanye hivi."

"Huyu mzee kavaa pazia," nikasema.

Akacheka. "Ni kisa cha zamani, si unajua yule…"

"Ngoja, usinambie. Huyu mwalimu mkuu. Hawa kamati ya wazazi. Wamemletea matokeo ya kidato cha pili, kazimia. Na huyu mbwa ndiye pekee aliyefaulu."

Akacheka mpaka akakaa kitandani. Hilo nalo lilinichoma, kwamba anacheka. Darasani kuna watu wananicheka mimi na kuna watu wanacheka nami, yeye alikuwa akicheka kama mtu aliyepewa maji. Akajifuta macho, akasema, "Subiri nikuletee chai, nikirudi nikwambie wenyewe hasa ni nani," akatoka.

Juu ya dawati lilikuwako rundo la daftari za kusahihishwa, na juu ya rundo, biki nyekundu.

Nilivyojiambia wakati ule ni hivi: picha hii ina roho kumi na kitu zinazodai pumzi, na mwenye nyumba hajui hatari iliyomo. Nilijiambia hivyo neno kwa neno. Huku mkono unawaza wali. Nikampiga mstari mzee, krr, ukanyooka, na nikaona raha ambayo sijawahi kuiona katika bayolojia. Wa pili, wa tatu. Kwa mbwa ilibidi nipinde rula.

Kijana aliingia na vikombe viwili, kila mkono kimoja. Akasimama. Sikuwa na pa kuificha biki, nilikuwa bado nimeishika. Hakupiga kelele. Aliviweka vikombe chini polepole, visimwagike, akaisogelea picha, akaangalia mmoja mmoja.

"Hata mbwa?" akauliza.

"Kwetu picha za viumbe lazima zikatwe shingo," nikasema. "Ni dini. Nimekusaidia."

"Kwenu," akasema. "Hapa kwetu."

Nikasema, kwa sababu mimi nikikosa la kusema husema kitu, "Ulikuwa unataka kunambia ni nani hawa."

"Huyu ni Yakobo. Nyinyi mnamwita Nabii Yaakubu. Hawa ni wanawe. Wamemtumbukiza ndugu yao Yusufu kisimani, sasa wamemletea baba yao kanzu yake imetiwa damu, wamwambie kaliwa na mnyama." Akagusa ile nguo ya katikati kwa kidole. "Walikuwa wanamwonea wivu. Nilitaka kukwambia mapema, ukanichekesha."

Kisa kile nakijua kuliko yeye. Nilikisimulia chuoni mbele ya watu siku ya Maulidi, bila kukosea, wanawake wakalia, mama nikamwona safu ya nyuma anawaonesha wenzake kwa kidole: huyo, huyo wangu. Na nimekaa mbele ya wale ndugu muda wote ule na rula mkononi nisiwatambue.

Tulijaribu kuitoa. Mama yake alikuwa kawafungia safarini chupa ya spiriti ya vidonda, tukachovya pamba, tukapangusa. Wino ukaachia, kweli, ila haukwenda mbali. Ukatiririka. Tulipoinua pamba, wale watu hawakuwa tena na mistari shingoni. Walikuwa wamechinjwa hasa, damu inashuka vifuani kwao, na ile kanzu, ambayo ndiyo peke yake ilitakiwa iwe na damu, ilikuwa safi kuliko wote.

"Acha," akasema. "Tunaongeza."

"Utamwambia baba yako?"

"Baba ataona mwenyewe." Akafunga chupa. "Usimwambie mama yako tu. Atahuzunika."

Nilirudi nyumbani na hilo. Katika watu wawili tuliokuwa mle chumbani, wa kwanza kufikiria mama atajisikiaje hakuwa mimi. Hata huko alinitangulia.

Kesho yake hakuja, na kesho ya kesho. Jogoo akarudi kwangu bila kuulizwa. Mama alinipakulia humo, nikala mpaka nikamfikia, nikangoja swali. Halikuja. Mama alikuwa anatazama ua.

"Mwenzio anaumwa?"

"Hata. Labda anasoma."

"Mnasoma darasa moja. Mbona weye husomi?"

Siku ya tatu akafunga mikate ya mofa ndani ya kitambaa, akajitanda kanga, akaenda mwenyewe. Nilimwona akipinda kwenye uchochoro wa ua na nikajua. Ningeweza kukimbia mpirani, lakini hata miguu ina siku zake. Alikaa huko kidogo tu. Aliporudi hakunigombeza. Alikwenda moja kwa moja kabatini, akatoa sahani, akaja kukaa mbele yangu, akaiweka mkekani baina yetu.

"Nani aliyeingia chumba cha watu na biki?"

"Mimi. Lakini mama, ni mambo ya dini. Zile picha…"

"Huyu je?" Kidole chake kiko juu ya jogoo.

"Huyo wa chombo. Mwalimu wa chuo kasema picha ya chombo cha kulia haina neno."

"Mie sikutaka fatwa. Ana shingo au hana?"

"Anayo."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Ukala wali juu yake, asubuhi na jioni, hukuwahi kumwonea uchungu wa Kiyama."

Mama akaichukua sahani, akaifuta kwa ncha ya kanga ingawa haikuwa na kitu, akairudisha kabatini. Kisha akasema niende kwa mwalimu, sasa hivi, na nisipite uchochoroni kama mwizi, nipite mlango wa mbele.

Mwalimu wa hesabu alikuwa kakaa barazani. Kaiweka picha juu ya magoti, kavaa miwani. Nikamwamkia, nikasema nilichokuja kukisema, kwa ufupi, maana nilikuwa nimeandaa maneno mengi na yote yakabaki njiani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akainamia mistari.

"Umetumia rula," akasema kwa ile sauti yake ya chini.

"Ndiyo, mwalimu."

"Mwaka mzima nakuomba utumie rula."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka, na nadhani yeye pia.

Kijana alianza tena kuja kwetu, lakini akawa anakuja na kuondoka. Mama alimpakulia kwenye sahani ya udongo, ya kabatini, ya wageni. Sikujua kama ile ni heshima kwake au ushindi kwangu. Alikula, akashukuru, hakuna aliyemwuliza habari za kuwika. Nilikuwa nimerudishiwa changu chote na nyumba imekuwa kubwa, ina mwangwi.

Halafu uhamisho ukafika. Ila ulikuja kinyumenyume: si mama mtu kuja huku, bali baba mtu kurudi Bara alipo mkewe. Nilipoambiwa nilifurahi, wala sitapamba. Nilifurahi kama mtu aliyefunga goli la mkono na refa hakuona. Kisha mama akaanza kupika. Alipika mikate, akakaanga samaki wa njiani, akafunga karafuu kwenye kitambaa kwa ajili ya yule dada wa kwenye simu, akatengeneza visheti siku nzima. Mimi nilipokwenda Chake kwa mashindano ya skuli nilifungiwa muhogo wa kuchemsha. Nikasema, "Kwani wanakwenda Makka?" Mama akapuliza moto, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikasema moshi huo. Nilijiambia mwenyewe, kwa kuwa yeye hakuwa akinisikiliza.

Asubuhi ya kuondoka nilijifanya nasoma. Nimekaa chumbani kwangu nyuma ya pazia, daftari ya bayolojia magotini, nawatazama panzi wangu. Nikasikia hodi, nikasikia viatu vinavuliwa. Kijana alikuja kuaga. Na alikuja na kitu kimefungwa gazeti, nikasikia gazeti likifunguliwa.

"Mama, nimekuletea hii."

"Hii si ya mama yako?"

"Nilimpigia nikamwuliza. Amesema nikupe. Kwenu picha ya watu wenye shingo zao nzima haikai ukutani, najua. Hii imeshakatwa. Naona sasa inafaa kwenu zaidi kuliko kwetu."

Nilitega sikio nijue kama ananicheka. Hakuwa akinicheka. Ndiyo sauti yake ile ile ya kuulizia makonyo.

"Lakini huyu si Nabii, mwanangu?" mama akasema. "Nabii hachorwi."

"Baba anasema wachoraji wa kule walikuwa wakiwakalisha majirani zao na kuwachora."

"Basi." Nilimsikia mama akivuta pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Mholanzi huyo amwone wapi Nabii Yaakubu. Kamvisha jirani yake pazia."

Nilidhani nitapiga kelele. Maneno yangu yale, kayapata wapi? Kisha nikakumbuka kwamba mzaha huu mimi nimeutoa kwake, nilizaliwa nao.

"Mwenzangu yupo?" kijana akauliza.

"Anasoma," mama akasema, kwa sauti ya kufika ndani.

Pazia langu lilikuwa halitikisiki. Nilikuwa nimeshika pumzi. Akangoja. Mlangoni mtu anayengoja husikika, miguu inabadilisha uzito.

"Basi mwambie namwachia mwalimu mkuu wake," akasema. "Bado hajazinduka."

Mama hakufahamu. Mimi nilibana mdomo kwa viganja viwili, na sijui kilichokuwa kinataka kutoka kilikuwa kicheko au kitu gani. Viatu vikavaliwa. Mama akasema maneno ya kumkabidhi kwa Mungu, marefu, yale anayonisomea mie nikiwa na homa, na sauti za hatua zikapotea kuelekea sokoni zinakopakiwa gari.

Kisha mama akafunua pazia. Hakuniuliza nasoma nini. Alikaa kitandani kwangu, akaweka picha magotini, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kuwapitia mmoja mmoja kama anayechambua, huyu huku, huyu huku, kizee, mbwa. Alichukua muda. Kidole chake kikafika kwenye ile kona ya giza nyuma ya kiti cha mzee, kikasimama. Nikasogea. Kulikuwa na mtu pale ambaye sikuwahi kumwona, kijana mmoja katika wale ndugu, yuko nusu nyuma ya pazia, kiganja mdomoni, huwezi kujua analia au anacheka. Shingo yake nzima.

Mama aliinua mkono akachukua biki iliyokuwa kwenye daftari yangu, akanipa, akasema:

"Umemsaza huyu aliyejificha. Mpige mstari na yeye, tuitundike humu humu chumbani mwako, maana malaika wasioingia penye picha, kwa soksi zako walishahama zamani. Kisha toka mbio, gari la Wete halijajaa bado, kamuage mwenzio kwa mdomo wako. Ukirudi uje ule. Jogoo wako hajawika tangu asubuhi."